Kiti cha Mtaa wa Lovering

Uligeuza uso. Usijitetee. Video ile ilikufikia hata wewe, huko uliko na jua lako la Januari. Watu wazima wamevaa kofia nyekundu za sufu, wanaserereka kwenye ngazi za uwanja uliojaa theluji, wanarushiana madonge, wanacheka. Ukacheka nao. Ukamtumia shemeji yako ukaandika, "Wazungu bwana!" Kushoto mwa picha, nyuma ya lango, magreda ya manispaa ya kukwangua theluji yalionekana yamepangana kama ng'ombe kwenye josho. Ukayaona, ukayapita. Hukujiuliza: kama yote yako hapa, ni wapi ambako hayapo? Basi safari hii utakaa usikilize.

Port Harlan ni mji wa kusini mwa Ziwa Erie. Ziwa lisipoganda, upepo hupita juu yake ukajitwika maji, ukifika nchi kavu ukayatua kuwa theluji, tena katika mkanda mwembamba. Mtaa huu unafukiwa hadi madirishani, na mtaa wa tatu watu wanaanika nguo. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, ila wenyeji walikuwa na mtu wao wa kumlaumu: Bernadine Wojtasik wa Mtaa wa Lovering.

Bernadine alikuwa mpishi wa shule, mjane mwenye mabega ya mpagazi, na aliipenda theluji kama wengine wanavyompenda mtoto mtundu. Mtabiri wa televisheni akitaja mkanda, majirani hukimbilia mkate na maziwa. Yeye alitoa kiti chake cha jikoni, cha chuma na plastiki nyekundu, akakiweka barazani, akajifunika blanketi, akangoja. Uani aliweka ubao mweupe wa kupimia. Kila asubuhi alichomeka rula, kisha akaipigia simu redio ya mji kutoa habari. Redio ilimpa jina la Bi Theluji. Majirani walimpa mengine.

"Unaiita wewe, mchawi we!" jirani wa kushoto alimpigia kelele Ijumaa, naye anahangaika kutafuta gari lake lilipozikwa.

"Naiita na inaitika! Wewe ukiita, nani anakuja? Hata paka wako amehamia kwangu!"

Pendo lake la pili lilikuwa Wahunzi, timu ya mji, wale wanaocheza ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai. Baba yake, mtu wa tanuri la chuma, alimwachia nafasi kwenye benchi la upande wa kusini, pasipo na paa wala huruma. Kila msimu aliilipia upya, na kila msimu Wahunzi walimvunja moyo. Mwaka huu, ajabu ya Mungu, walifika mtoano, na Jumapili walikuwa wanacheza nyumbani. Theluji na mtoano wikendi moja! Kwa Bernadine hizo zilikuwa sikukuu mbili kwa mpigo.

Huko kuna desturi. Uwanja ukifukiwa kabla ya mechi, timu huwaita mashabiki waje na masepetu yao waufukue. Watu hawaitwi mara mbili. Wanapewa supu, wanapewa tiketi, wanapigwa picha. Ndiyo video ile uliyoicheka.

Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulishabeba masepetu ukaenda uwanjani. Bernadine naye alikuwa amevaa mabuti na skafu ya Wahunzi. Kabla hajaondoka akavuka kumjulia hali Mzee Purifoy.

Alonzo Purifoy aliendesha treni za mizigo maisha yake yote mpaka figo zilipomwangusha. Sasa damu yake ilisafishwa kwa mashine kliniki, upande wa pili wa mji. Alhamisi dhoruba ilimzuia kwenda. Leo kliniki ilikuwa inafunga adhuhuri, haifungui tena mpaka Jumatatu. Bernadine alimkuta kitini, miguu imevimba kama mikate iliyoumuka, anavuta pumzi kwa mafungu.

"Mzee, gari la wagonjwa liko wapi?"

"Liko pale kona, binti." Akapumua. "Wanasema barabara ikipitishwa greda, wataingia."

"Na greda?"

"Muulize meya. Mimi ananijua wakati wa kura tu."

Angemvuta kwenye kigari cha kuteleza? Mzee Purifoy alikuwa na mwili wa jokofu, na ule upepo ungemmaliza kabla hawajafika kona. Bernadine akapiga simu manispaa. Muziki. Akapiga tena. Muziki uleule. Akapiga redio, ambako hakuwahi kukosa kupokelewa.

"Bi Theluji!" mtangazaji akapayuka hewani. "Ubao unasemaje?"

"Unasema kifuani kwangu. Lakini nisikilize. Mtaa wa Lovering haujaona greda tangu dhoruba ianze, na kuna mzee hapa hawezi kupumua, anahitaji—"

"Kifuani! Mmesikia, Port Harlan? Na bado tunaenda uwanjani! Wahunzi oyee!"

Wakapiga wimbo.

Bernadine akabaki ameshika simu. Alikuwa anamkumbuka Stella Mrozek. Nani mwingine anamkumbuka? Katika dhoruba kubwa ya miaka ya nyuma, Stella alifia sebuleni, nyumba ya tatu kutoka hapo, gari la wagonjwa limekwama kona hiyohiyo. Siku hiyohiyo uwanja ulifukuliwa ukawa mweupe wa chokaa na kijani cha nyasi, safi kama sahani. Diwani alikuja mazishini akasema halitatokea tena. Aliyasema hayo amevaa skafu ya Wahunzi. Watu wakaitikia amina, kisha wakaenda zao kuulizana matokeo.

"Nakwenda kukuletea barabara," alimwambia Mzee Purifoy.

"Unaibeba mgongoni?"

"Ikibidi."

Alichukua sepetu. Akafika barazani kwake, akakitazama kile kiti chekundu, akakichukua nacho.

Uwanja haukuwa mbali, na njia ya kuuendea ilikuwa nyeusi, imekwanguliwa mpaka lami. Magreda yalikuwa yanaingia na kutoka kwa lango moja, yanasukuma theluji ya maegesho ya matajiri. Bernadine akamfuata msimamizi wa uwanja, Trent Hallowell, kijana aliyeletwa kutoka miji ya joto, mwenye koti jipya na redio ya mkononi.

"Naomba greda moja. Mtaa mmoja tu. Mtu anakufa."

"Mama, hayo ni mambo ya manispaa."

"Magreda ni ya manispaa."

"Leo tumepewa sisi. Kuna wageni, kuna televisheni. Kachukue supu, sawa?"

Bernadine akawageukia watu wa mtaani kwake, waliokuwa wanafukua ngazi za karibu na lango. Akawaambia. Wakatazamana.

"Tukimaliza hapa, Bernie," mmoja akasema.

"Adhuhuri itakuwa imepita."

"Bi Theluji leo anailalamikia theluji!" jirani wa kushoto akadakia, na ngazi nzima ikaangua kicheko. "Si uliiita mwenyewe? Uile basi! Uile na chumvi!"

Walikuwa wanamjua Mzee Purifoy. Aliwahi kuwaazima ngazi, na bisibisi, na bega siku za misiba. Wakamcheka Bernadine, kisha wakainama kufukua viti ambavyo kesho vingekaliwa na watu wasiowajua.

Bernadine alikwenda pale pale kwenye mdomo wa lango, mahali ambapo magreda yalikuwa yameacha tuta la theluji katikati ya njia ya kuingia na ya kutoka, akaanza kuchimba. Alichimba kama mtu anayemtafuta mwanawe chini. Mashabiki wakamshangilia kwa kejeli, wakimwimbia wimbo wa timu. Alipofikia lami, akapasawazisha pande zote nafasi ya gari moja, akachomeka sepetu kwenye theluji, akakiweka kiti chekundu katikati. Kisha akasimama kando.

Kicheko kikapungua.

Port Harlan kuna sheria nyingi zilizoandikwa, nazo zinavunjwa kila siku. Iko moja haijaandikwa popote. Ukichimba nafasi kwa mikono yako barabarani na ukaweka kiti, ni yako mpaka theluji iyeyuke. Huko unaweza kumtukana mtu mama yake na jioni mkanywa pamoja. Kiti chake usikiguse.

Greda la kwanza likaja kutoka ndani, dereva Duane Kubiak. Likafika mbele ya kiti, likasimama, likaguruma.

"Unafanya nini we Bernie?" Duane akachungulia dirishani.

"Nimechimba. Nimeweka kiti."

"Mlangoni?"

"Nilipochimba ndipo nilipochimba."

Duane akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakukuwa na upenyo; lango lilikuwa jembamba, na upande wowote angeikanyaga nafasi iliyochimbwa. Nyuma yake magreda yakaanza kupangana. Hallowell akaja mbio, anateleza.

"Kwa nini mmesimama?"

"Kuna kiti, bosi," Duane akasema.

"Nakiona! Kipitie!"

"Sipiti juu ya kiti cha mtu."

"Ni kiti cha jikoni!"

"Ndiyo, bosi. Ndicho hichohicho."

"Mna wazimu nyote?" Hallowell akakishika kile kiti mgongoni, akakiinua, akakirusha. Kikapaa, kikatua juu ya rundo la theluji, miguu juu.

Uwanja ukanyamaza. Mpaka leo, kila aliyekuwapo akinisimulia ukimya ule hushusha sauti. Ngazi kwa ngazi, migongo ikanyooka. Jirani wa kushoto, yule yule wa chumvi, akashuka taratibu, sepetu mkononi, mpaka puani kwa Hallowell.

"Kile ni kiti cha nani?"

"Sijui na sijali—"

"Ni cha Bernie. Amechimba. Tumemwona sote akichimba." Akageuka. "Mmemwona, hamkumwona?"

"Tumemwona!" uwanja ukajibu.

"Kirudishe."

"Nitawafukuza nyote—"

"Kirudishe, mwana wa mama yako, kabla hatujakufukia tukaweka kiti juu!"

Masepetu yakaanza kutupwa chini, moja, jingine, mpaka zege likawa linalia. Hallowell, uso umemwiva, akapanda rundo akakileta kiti. Bernadine hakukipokea.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Kiti nitakitoa. Duane ataongoza greda mpaka Lovering, nanyi mtafuata na masepetu. Mzee Purifoy anazama kwa maji yake mwenyewe, na mnamjua."

Wakaenda. Greda mbele, kofia nyekundu nyuma, wanaapiza, wanamtukana Hallowell kwa kila tusi la Kipolandi na la Kiingereza walilorithi. Duane akapasua mtaa. Wao wakafukua pale lisipofika, ngazi za nyumba, njia ya machela. Gari la wagonjwa likaingia. Adhuhuri haijafika bado, mashine ilikuwa haijazimwa, na kliniki kwa simu ikasema itangoja.

Wakati wa kumtoa, Mzee Purifoy akafumbua macho, akaona kofia zote zile.

"Binti... wote hawa wamekuja kwa ajili yangu?"

Bernadine angeweza kumdanganya. "La, Mzee. Wamekuja kwa ajili ya kiti."

Akacheka mpaka wauguzi wakamkataza. "Basi... kisalimie."

Alipona wikendi ile. Ndiyo, pumua. Lakini usianze kupiga makofi.

Jioni hiyohiyo timu ilimpigia simu Bernadine. Nafasi ya baba yake kwenye benchi la kusini imefutwa, na uwanjani asionekane tena. Jumapili aliketi nyumbani kwa Mzee Purifoy wakisikiliza redio. Wahunzi walishinda. Mzee alipiga kelele. Bernadine alinyanyuka, mikono juu, kisha akakumbuka akaketi. Nje theluji ilikuwa inaanguka, laini, nzuri, haina kosa. Haikuwahi kuwa na kosa. Theluji haichagui mtaa wa kukwanguliwa. Watu ndio wanaochagua.

Na wale watu wa ngazi? Walirudi Jumapili kushangilia. Hakuna hata mmoja aliyeacha nafasi yake kwa sababu Bernadine amefutiwa ya kwake. Kwa ajili ya mtu hawakusimama. Kwa ajili ya kiti walisimama, nusu siku, kisha wakaketi. Stella Mrozek hakuwa na kiti.

Mkanda mwingine unatoka ziwani Jumanne. Ziwa bado halijaganda, na magreda yameshapangiwa kazi: uwanja kwanza. Meya hajabadilisha kitu, kwa kuwa hakuna aliyembana.

Nawe uliyecheka video, usiniambie kwenu hakuna theluji. Kwenu kuna mafuriko, kuna moto, kuna maji yaliyokatika, na unajua vizuri barabara ya nani hutengenezwa kwanza mgeni akija na mtaa wa nani huachwa. Unamjua na Purifoy wa mtaani kwako. Jina lake liko mdomoni mwako sasa hivi. Kiti unacho, umekikalia. Inuka. Kibebe, kaweke kwenye lango la anayeyazuia magreda, leo, kabla ya adhuhuri, na usikitoe mpaka barabara ipite.