Siku Bosi Alipohamia Chumba cha Nyuma

Dereva waliyemwita Gia aliondoka kwenye dirisha la ofisi ya ufadhili wa masomo na fomu ya binti yake mkononi, imepigwa mhuri mwekundu: KIPATO KIMEZIDI. Kimezidi! Kwa tofauti ya bei ya viatu vya mtumba. Binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, ada inatakiwa kabla ya Ijumaa, na isipolipwa nafasi anapewa mwingine. Karani wa dirishani aligawa mshahara wa Gia kwa watu watatu, yeye, mkewe na binti, akatikisa kichwa.

"Baba, mbona wewe una hali nzuri? Angalia kodi unayokatwa."

Jamani! Kodi hiyo Gia alikuwa akiiangalia kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi na moja, inachotwa kabla mshahara haujamfikia. Hakuhitaji mtu wa kumwonyesha. Alirudi garini na hasira za kung'ata usukani.

Gari lenyewe ni la Bosi. Yaani, ni la kampuni ya Bosi. Nyumba ya ghorofa anayolala Bosi ni ya kampuni, mashine ya kukatia majani ni ya kampuni, na mbwa wawili ni wa kampuni, kitengo cha ulinzi. Bosi mwenyewe, ukifuata karatasi, hamiliki hata kijiko. Alijipangia mshahara mdogo kuliko wa dereva wake, na pesa nyingine zote akawa anajikopesha kutoka kwenye kampuni. Mkopo haukatwi kodi. Na kampuni haijawahi kumdai, itamdaije wakati kampuni ni yeye?

Halafu mkono wa birika huyo! Kitu cha bure hakimpiti hata kiwe kinanuka. Mchana uleule alimwita Gia barazani.

"Gia, ndugu yangu."

Bosi akikuita ndugu, jiandae. Gia alijiandaa.

"Kijana wangu naye ameomba ufadhili. Kwa karatasi zangu nimo kabisa, sina shida. Ila kesho saa nne mkaguzi anakuja kuona ninapoishi, na kwenye fomu niliandika kile chumba cha nyuma."

"Chumba changu, Bosi?"

"Chumba cha kampuni. Ninyi mtakaa gereji saa moja tu."

"Binti yangu wamemnyima, Bosi. Wanasema nina kipato kikubwa."

"Hongera," alisema Bosi, na alikuwa anamaanisha.

Gia alitamani kumtukana mpaka mbwa wa kampuni wazibe masikio. Lakini mjini madereva wasio na kazi walikuwa wamejaa tele, na kumwaga unga wiki ya ada ni wazimu. Akasema sawa, Bosi, na akajichukia njia nzima mpaka chumbani.

Mkewe ndiye aliyeyatoa yote.

"Huyo mtu hana haya hata chembe! Neema yote anayo kule, sasa anataka kuja kuazima na umaskini wetu? Mwambie huu si wa kampuni!"

Kesho yake saa tatu Bosi aliingia chumba cha nyuma amevaa shati la Gia. Vifungo vya juu viligoma, cha tumboni kilishikilia kwa imani tu. Aliketi kitandani, kitanda kikalia. Mke wa Gia alikuwa bado anapiga pasi, binti anakunja nguo, na Gia anamwonyesha Bosi swichi ya taa ilipo, maana mtu lazima ajue kwake taa inawashwa wapi. Hapo mlango ukagongwa, na kabla hawajajibu akaingia mama mmoja wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mimi ndiye mkaguzi. Nimewahi. Huwa nawahi. Nani anaishi hapa?"

"Mimi," Bosi alidakia.

"Na hawa?"

Hilo halikuwa kwenye mpango. Bosi alisogea kitandani kama anayewapa wenzake nafasi.

"Tunaishi pamoja," alisema. "Tunagawana chumba. Maisha magumu, mama."

"Pamoja na kijana wako? Watano?"

"Watano. Kijana ametoka kutafuta kibarua."

Kijana alikuwa amelala ghorofani.

Mkaguzi alikitazama kitanda kimoja, akaitazama saa ya dhahabu mkononi mwa Bosi, akavuta kigoda akaketi.

"Mnapika sufuria moja?"

"Moja, mama. Tena ndogo."

"Basi ninyi ni kaya moja. Tunajumlisha mishahara, tunagawa kwa watano. Karatasi za mshahara za wote."

Gia alizitoa zake kwenye droo pamoja na ile fomu ya binti, Bosi akachomoa zake mfukoni. Mkaguzi alipiga hesabu mara mbili.

"Mko chini ya kiwango. Mnastahili."

Bosi alikenua meno yote.

"Ila kaya moja, ufadhili mmoja. Apewe mtoto yupi, anaamua mkuu wa kaya."

"Ndiye mimi," alisema Bosi, akinyoosha mkono apokee kalamu.

"Mkuu wa kaya ni yule anayelipa kodi kubwa kuliko wenzake."

Kalamu ikampita Bosi, ikamfikia Gia.

"Ngoja kwanza, mama!" Bosi alisimama, kifungo cha tumboni kikaruka. "Huyu ni dereva wangu!"

"Wako? Kwa mshahara huu umeajiri dereva?" Mkaguzi alivua miwani. "Kama kuna gari na nyumba nyingine, sema tu, baba. Nafuta yote haya, nawaita watu wa kodi waje wakusikilize vizuri."

Bosi aliitazama ghorofa kupitia dirishani. Akaketi.

Gia aliandika jina la binti yake kwa herufi kubwa. Nyuma yake binti alikuwa analia, na mama yake anamwambia anyamaze huku yeye mwenyewe machozi yanamtiririka.

"Sasa wewe baba wa kipato kidogo," alisema mkaguzi, "tia sahihi hapa."

Bosi alisoma: *Mtegemezi wa mkuu wa kaya.*

"Na nitarudi kila muhula bila taarifa. Nikisikia mkuu wa kaya amefukuzwa kazi, naanza hesabu upya, na safari hiyo nitaanzia kule ghorofani."

Bosi akatia sahihi.

Mke wa Gia alifuta machozi, akachukua ndoo nyuma ya mlango, akamwekea Bosi miguuni.

"Shemeji," alisema kwa upole kabisa, "leo zamu ya kuteka maji ni yako."

Na kwa kuwa mkaguzi alikuwa bado anaandika, tena polepole mno, Bosi aliinuka, akaishika ndoo, akauliza bomba liko wapi.