Kabati la Wala Majani

…na mkono wake bado umenyooka, kiganja juu, na juu ya kiganja mnyama wa kuchezea amesimama kwa miguu miwili, kinywa wazi, meno yote nje, na Mwalimu ameshauliza, "Huyu nimweke wapi?", swali jepesi, swali la mtu yeyote aliyeshika kitu katika nyumba ya watu, na mimi niko mbele ya kabati na kitambaa changu cha vumbi, mlango wa kioo uko wazi, na jibu ninalo, mimi jibu huwa sikosi, mtu aliyeuza nyama maisha yake yote hakosi jibu, mteja akisema mfupa umezidi ninalo, akisema ya jana ilikuwa laini kuliko ya leo ninalo, ila hili acha kwanza nilitafune, maana huyu ni mla nyama, na katika kabati hili mla nyama hajawahi kukanyaga, tangu marehemu mke wangu alipomweka wa kwanza kwenye rafu ya juu, Pembe Tatu yule, mwenye jicho moja lililofutika rangi, hadi huyu Rungu niliyemwokota juzi kwenye lundo la vikombe vilivyokatika mikono, wote ni dinosau wa kula majani, wote, na huko jikoni kijiko kimenyamaza, binti yangu alikuwa anakoroga chai, sasa hakorogi, anasikiliza, na asubuhi aliniambia huku anafunga nywele zake, bila kugeuka, "Baba, mimi sina neno. Mlete tumwone. Ila kabati la mama lisiguswe," nami nikamwambia nani atakayeligusa, mwanangu, nani, na sasa huyo nani ndiye huyu hapa, amekuja na zawadi, mkono mtupu haulambwi, kwao wamemlea vizuri, anacheka, anasema, "Nilipomwona tu nikasema huyu ni wa mwanafunzi wangu, mwenye bucha gani atakaa na wala majani watupu, atakosa wa kuongea naye," na mimi nacheka pia, kicheko cha kununua muda, kwa sababu hajui, angejuaje, nilimwambia nakusanya dinosau, nikadhani nimemaliza kusema, na yeye si mwanamke wa kudodosa, ni mwalimu wa udereva, amefundisha nusu ya mji huu na amenifundisha na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilipochoka kubembeleza madereva wa watu wanibebee nyama, "Achia klachi polepole, mzee wangu, hizo si mbavu unakata," aliniambia siku ya kwanza, gari limezimika katikati ya mlima, nyuma watu wanapiga honi, na hakupaza sauti, alivuta breki ya mkono akangoja, akatazama nje dirishani kabisa ili nisione haya, nikajua hapohapo, nikitaka mtu wa kuketi kando yangu ni huyu, na mtihani nilifaulu mara ya kwanza, naam, na baada ya kufaulu nikaendelea kuomba masomo, ya kurudi nyuma, ya kuegesha, ya mvua, mpaka akaniuliza, "Mwanafunzi, unataka leseni ya kurusha ndege?", simba mwenda pole ndiye mla nyama.

"…alikuwa dirishani, wa mwisho," anasema Mwalimu, anaeleza duka, sikusikia mwanzo, namwitikia tu, eh, eh, macho yangu yako kwa huyu mnyama, na kusema kweli hakutengenezwa vibaya, mkia uko juu, haukokoti chini, misuli ya paja imekaa inapotakiwa kukaa, mikono ile tu ndiyo masikini, hata kujikuna hawezi, na mimi mambo haya nayajua, sijisifu, au najisifu, humu kichwani nani atanikataza, fundi viatu wa jirani akinipitia buchani huuliza, "Vipi, mifugo haijambo?", namjibu haijambo, inanenepa, na sioni haya hata chembe, mwingine ana mpira, mwingine ana pombe, mimi nina Shingo Ndefu na Mdomo Bata na Mgongo wa Vigae, hawanidai chakula na hawanitukani, na nikifika kwenye lundo la vitu vya mtumba nainama mpaka mgongo unalia, natafuta, nachambua, nina vigezo vyangu, tumbo kwanza, kwa sababu matumbo nimeyashika, ya ng'ombe, najua lilivyo kubwa na vyumba vyake, majani si chakula cha mchezo, anayeyala lazima abebe jiko zima ndani, kwa hiyo Shingo Ndefu akija na tumbo la kubana mkanda namrudisha nilikomtoa, aliyemtengeneza hajawahi kumtazama ng'ombe akitafuna, halafu macho, mla majani macho yake yako pembeni, anamwona kila anayekuja, wa mbele na wa nyuma, mla nyama macho yako mbele, anaona anachokitaka basi, hayo aliniambia marehemu, hapana, nilimwambia mimi, ya ng'ombe na ya paka, tukiwa tumekaa chini sakafuni na beseni la maji ya sabuni katikati yetu, yeye na mswaki uliochakaa anasugua mikunjo ya shingo, mswaki huo ninao mpaka leo, alikuwa anauza nguo za watoto za mtumba, na robota likifunguliwa, chini kabisa, katikati ya sweta na soksi zisizo na wenzake, hutoka vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza, vijiko vya kuchezea, gari bila magurudumu, na hawa, na mla nyama akitokea anampa mteja kama nyongeza, "Nenda naye, huyu ana fujo," na mla majani anamfunga kwenye mtandio wake anakuja naye nyumbani, yeye mwenyewe nyama hakula, tangu utotoni, hata mchuzi wake, mke wa mwenye bucha, watu walicheka mpaka wakachoka, ni sawa na mke wa fundi viatu kutembea peku, walisema, na yeye anacheka nao, na ya kwangu ananipikia mbali, kwenye sufuria yake, ile yenye utepe mwekundu mkononi, iko jikoni hapo inaning'inia juu ya kichwa cha binti yangu sasa hivi, na viatu vya buchani vinabaki nje, na aproni nje, na limau na sabuni mpaka viwiko ndipo niingie, na nikiingia ananinusa, anasema bado, narudi nje, ananicheka dirishani, alikuwa mtamu yule, alikuwa mtamu na nilimpenda na amekufa, na alipokufa mimi na binti yangu hatukuwa na la kusema, tukawa tunafuta vumbi, Jumapili baada ya Jumapili, yeye rafu ya juu mimi ya chini, siku moja akasema, "Huyu shingo imelegea," nikaleta gundi, yakaanza mazungumzo, tulirudi kuwa watu hapa, mbele ya kioo hiki, ndiyo maana aliposema lisiguswe sikumkasirikia, ng'ombe haelemewi na nunduye, na mimi sielemewi na binti yangu.

Kwa hiyo jibu, Mwalimu anangoja, si mtu wa kungoja kwa kununa, anapindisha shingo anawatazama waliomo, "Huyu mwenye rungu mkiani nampenda," anasema, amemchagua vizuri, ana jicho, na jikoni binti yangu anauliza, "Baba, mgeni anatumia sukari?", mgeni, anaweza kumwita mama, anaweza kumwita mwalimu, amechagua mgeni, "Kidogo tu, mwanangu," anajibu Mwalimu mwenyewe, bila kungoja niwe mkalimani, sasa, mwenye bucha, kata, naweza kusema weka mezani kwanza tunywe chai, lakini mezani ni njiani, anayewekwa mezani anangoja kuondolewa, naweza kusema juu ya redio, na kila siku atamwona juu ya redio peke yake, ametengwa na kioo, na huyu mwanamke si mjinga, atasoma, au garini, naam, garini, mbele ya usukani, akae pale atishe madereva, atacheka, na binti yangu atapumua, na hakuna atakayeondoka na mfupa, hilo ndilo jibu la mtu wa mizani, liko kwenye ncha ya ulimi na najipongeza kabisa, halafu nasikia lilivyo, nenda naye, huyu ana fujo, hiyo si ndiyo nyongeza, nitakuwa nimempa Mwalimu nyongeza nikafunga mlango, na mnyama wake na yeye mwenyewe wote watajua walipoishia, nje, pamoja na viatu vya buchani, na hilo sitaki, namtaka huyu, namtaka ndani ya nyumba hii, namtaka asubuhi na miwani yake amesahau alipoiweka, na binti yangu nampenda kuliko macho yangu, na wote wawili ni kweli, fahali wawili hawakai zizi moja, wanasema, lakini hawa si fahali, na mimi si zizi, na mkono wa kushoto wa Mwalimu unakunjakunja lile gazeti alilomfungia mnyama, linalia vile gazeti linavyolia, na sauti hiyo naijua, gazeti mkononi, kizingitini, ah, nilikuwa kijana, nimechana nywele, nimeshika steki niliyoificha tangu alfajiri, kipande ambacho hata mwenye bucha wa wakati ule hakukiona, nimeifunga kwenye gazeti na damu imeshapenya mpaka kwenye mkono wa shati, nimegonga mlango wa chumba cha yule msichana anayeuza nguo za watoto, amepita mbele ya bucha letu kila siku na hajawahi kununua hata robo, nami nikajiambia ananionea haya, macho yangu yalikuwa mbele, nikaona nilichokitaka, hanunui kwa sababu ananipenda, huo ndio ulikuwa ujanja wangu wote, na mlango ukafunguliwa, na mezani kwake kuna kabichi na sahani ya maharage, na dirishani amesimama Pembe Tatu, na mimi nimenyoosha mkono na kile kifurushi kinachodondoka damu, nimejaa tabasamu, na nikamuuliza, nilimuuliza nini, nilimuuliza, "Hii niiweke wapi?", ndiyo, neno kwa neno, na angeweza kusema nje, angeweza kusema mimi sili, peleka kwenu, angekuwa na haki, ilikuwa meza yake, akakitazama kifurushi, akanitazama, akasogeza kabichi huku na maharage kule, akasema, "Weka hapo katikati. Na wewe kaa," na nyama akaipika, kwenye sufuria aliyokwenda kuazima, nikaila peke yangu nikiisifia, na ni sahani yake iliyonifungua macho, nilipomaliza nikaona nyama hakuigusa, nikataka ardhi inimeze, na yeye anacheka, anacheka yule mwanamke, mungu wangu, wala nyama wote aliwagawa, wote, kwa watoto wa wateja, mmoja tu ndiye aliyemfungulia mlango, akamwosha kwa limau, akamnunulia sufuria, akazaa naye, na mimi nimesimama hapa miaka yote hii nalinda kabati lake dhidi ya wala nyama, mimi, nyani haoni kundule, na binti yangu ametokea mlangoni na sinia, vikombe vimetulia, anakitazama kiganja kilichonyooka, ananitazama mimi, hadithi ya kile kifurushi anaijua kuliko mimi, mama yake alikuwa akimlaza nayo, mtoto halali mpaka mama afike penye kabichi huku na maharage kule na wayamalize maneno pamoja, sauti zao mbili gizani, mimi nikijifanya nimelala, kwa hiyo nikiyasema atajua mara moja ni ya nani, na hatasema kabati limeguswa, au atasema, na nitamjibu, namjibu vizuri, mkono wa Mwalimu bado umenyooka, mnyama bado kinywa wazi, chai inatoa moshi, na mimi namsogeza Pembe Tatu huku, Shingo Ndefu kule, nafuta vumbi pale katikati, na nafungua mdomo, jibu ninalo, sikulitunga mimi, lakini ninalo…