Kofia ya Mzee Anakleti

Jioni nzima Mwalimu Levina alitembea kifua mbele. Na kwa nini asitembee? Jumamosi ile mchezo wake ulichezwa kwenye uwanja wa shule, hapo Usoke, watu wakajaa mpaka wengine wakapanda juu ya madawati, na Dk. Mhoja, mhadhiri wake wa sanaa za maonyesho, akamshika mkono akamwambia, "Hapa umewagusa." Mwanamke wa miaka thelathini na moja, siku tano anafundisha darasa la nne, kisha kila Jumamosi asubuhi anapanda gari kwenda Tabora mjini kusoma chuo kikuu kwa masomo ya wikiendi. Miaka mitatu sasa, na walimu wenzake bado wanamcheka kwamba anasomea kuigiza. Sifa ile ilimlewesha kidogo. Msimlaumu kwa hilo. Mtamlaumu kwa mengine, yanakuja.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtihani. Dk. Mhoja alitaka kila mwanafunzi achukue kisa cha kweli cha kwao, akicheze huko huko kwao, kisha awaachie watazamaji waingilie. Asiyeridhika anapiga kelele "Simama!", waigizaji wote wanaganda, naye anapanda kuchukua nafasi ya aliyekosea na kuonyesha yeye angefanya nini. Levina alichagua bani ya marehemu baba yake. Kila mtu mzima pale Usoke anaikumbuka: nyumba ya kukaushia tumbaku, imejaa majani ya msimu mzima, ikaungua mchana kweupe wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Mwaka ule kaka yake Nikolaus aliacha shule kidato cha pili kwa kukosa ada, hakurudi tena. Ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Ila kisa kisicho na mkosaji hakichezeki. Siku zote watu walisema bomba linalopitisha joto ndani ya bani lilichakaa, bahati mbaya, basi. Sasa bomba utaliambiaje lisimame? Kwa hiyo Levina akatunga mtu: mkata kuni, mlevi kidogo, anayechochea moto kupita kiasi kisha anakwenda zake kilabuni. Na chuoni walifundishwa kwamba mtu wa kutunga lazima apewe mwili, mwendo wa huyu, sauti ya yule. Akamvalisha mwigizaji wake, Xavery, kofia nyekundu ya sufu katika jua lile, akamfundisha kukohoa mara tatu kabla ya kusalimia. Lo! Uwanja ulipasuka kwa kicheko. "Anakleti huyo! Ni Anakleti mtupu!"

Mzee Anakleti, aliyekimbilia huku kutoka Burundi ujanani, ndiye aliyekuwa akimkatia baba yake kuni.

Levina alicheka pamoja nao, na hapo ndipo panapomuuma mpaka leo. Kitambaa chekundu kilipotikiswa kuwa ndio moto, kicheko kilikata. Mama mmoja akapiga kelele "Simama!", akapanda, akamnyang'anya Xavery gogo, akamsukuma nje ya uwanja. Watu wakashangilia kwa hasira. Levina akadhani wanaishangilia sanaa.

Kesho yake kanisani, padri aliposema tupeane amani, Mzee Anakleti aligeuka kutoka benchi la mbele akamnyooshea mkono mama yake Levina, kama anavyofanya miaka nenda rudi. Mama akaiingiza mikono yake ndani ya kitenge, akatazama altare. Mkono wa mzee ulibaki hewani mpaka wimbo wa Mwanakondoo ulipoanza.

"Mayu, mbona vile?" Levina alimuuliza mama yake njiani.

"Vile nini? Mtu anichomee bani, baba yako afe kwa presha ya mawazo, halafu nimpe mkono?" Mama hakupunguza mwendo. "Na chakula tulikuwa tunampa. Ungeniambia zamani, mwanangu. Kumbe ulikuwa umekaa nalo moyoni."

"Lakini ule ni mchezo, mayu."

"Wewe ni mwalimu. Mwalimu gani atamzulia mtu uongo juu ya bani ya baba yake?"

Jibu Levina alikuwa nalo, tuseme kweli. Ila jambo lile hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Ngoja niwaambie mimi. Siku ile wazazi walikuwa shambani wakichuma majani, na Levina, miaka kumi na miwili, aliachwa kuangalia moto. Kazi yenyewe ni kuweka kuni kidogo kidogo na kutazama joto lisizidi. Lakini kigangoni kulikuwa na mazoezi ya igizo la Njia ya Msalaba, na yeye alikuwa amepewa Veronika, yule mwanamke anayempangusa Yesu uso. Kitambaa chake alikifua mara mbili kwa mikono yake. Akafikiri akishindilia magogo mengi kwa mpigo mmoja, moto utajitunza mpaka arudi. Akashindilia, akakimbia. Alimpangusa Yesu uso vizuri mno, katekista akamsifu mbele ya wote, na alipokuwa anarudi aliuona moshi tangu barabarani. Akashika ndoo, akasema alikwenda kisimani.

Anakleti siku ile hakuwepo Usoke kabisa.

Jumanne mzee alikuja shuleni, akamsubiri Levina nje ya darasa akiwa ameshika baiskeli yake. Alikuwa kichwa wazi. Kofia ameiacha nyumbani, na Levina ndiyo kwanza akaona kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alitaka kukohoa, akajizuia. "Marahaba, mwalimu. Sikuja kwa ugomvi. Wiki ile ya bani nilikuwa Ulyankulu, kambini kwa wakimbizi, namzika mama yangu. Ulikuwa mtoto, labda umesahau. Nilirudi nikakuta majivu, nikamsaidia baba yako kuzoa mabati."

"Ule ni mchezo tu, mzee wangu."

"Na mimi ndivyo ninavyowaambia. Wananijibu mwalimu amesoma, hawezi kusema asilolijua. Jana wajukuu zangu wamefukuzwa kwenye bomba la maji, wakaambiwa warudi kwao Burundi. Kwao wapi, mwalimu? Wamezaliwa hapa, na mama yao kazaliwa hapa." Akaigeuza baiskeli. "Neno lako moja tu."

"Nitaongea nao," Levina alisema.

Hakuongea na mtu. Aliona haya, akaona woga, na juu ya yote aliiona Jumamosi inayokuja, ambapo mtahini wa nje angefika kuutazama mchezo ule ule na kumpa alama za mwisho. Jamani, kumbe mtu anaweza kujichukia na bado akaendelea kusahihisha madaftari! Kila alipofumba macho aliona ule mkono uliobaki hewani.

Jumamosi ikafika. Levina alifanya hila ya mwoga: alimvua Xavery kofia, akamkataza kukohoa. Haikusaidia kitu. Xavery alipotokeza tu, watu wakapaza sauti: "Kofia iko wapi? Anakleti, kohoa basi!" Na Anakleti mwenyewe alikuwepo, nyuma ya wote, ameegemea baiskeli, na hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Mama alikuwa benchi la mbele na kitenge chake cha Jumapili. Nikolaus alikaa pembeni yake, mikono yake iliyokomaa kwa jembe ameiweka magotini. Xavery akainua gogo.

"Simama!"

Watu waligeuka kumtafuta aliyesema. Alikuwa Levina. Dk. Mhoja, aliyekaa na mtahini, alikunja uso, maana mwenye mchezo haingilii mchezo wake. Levina alimpokea Xavery gogo, akamwambia akakae.

"Hapa hapakuwa na mkata kuni," alisema. "Mzee Anakleti alikuwa msibani Ulyankulu. Hapa alikuwepo binti."

Akachutama mbele ya tanuru la maboksi. Akaingiza gogo. Akaingiza jingine, na jingine, mpaka mlango ukagoma kufunga. Kisha akatoa leso mfukoni, akaikunja vizuri, akasema, "Nawahi mazoezi. Moto utajitunza." Akakimbia hatua tano, akageuka, akashika ndoo iliyokuwa pale. "Nilikuwa kisimani, baba."

Nikolaus alikuwa amemkazia macho.

Mama aliinuka. Alimpita Levina bila kumtazama, akapenya katikati ya watu mpaka nyuma kabisa, akamnyooshea Anakleti mikono yote miwili.

"Amani, Anakleti."

"Amani, mama Nikolaus," mzee alijibu, na kile kikohozi alichokizuia wiki nzima kikamtoka, mara tatu. Safari hii watu hawakucheka. Mama alirudi benchini, akakaa, akainamisha kichwa.

Dk. Mhoja alisimama. Sijui aliuliza kwa mazoea ya kazi au kwa huruma, lakini aliuliza lile swali linaloulizwa kila mara: "Nani atachukua nafasi ya binti, atuonyeshe angefanya nini?"

Levina aliomba moyoni mtu yeyote ainuke, hata kama ni wa kumzaba kofi.

Aliyeinuka ni Nikolaus. Alikuja polepole, akachutama pale alipokuwa amechutama dada yake, akafungua tanuru. Akatoa gogo moja, la pili, la tatu, akayapanga chini. Kisha akageuza uso upande wa nyumbani kwao akaita, si kwa sauti kubwa: "Kaka! Njoo uniangalizie moto, nina mazoezi."

Halafu akajijibu mwenyewe: "Haya, nenda."

Alijipangusa mikono kwenye suruali, akamtazama dada yake.

"Ilikuwa likizo, Levi. Nilikuwa ndani najisomea," alisema. "Ungeniita tu."