Chapa ya Ng'ambo

Mkuu wa polisi alisema redioni kwamba bunduki tisa katika kila kumi zinazokamatwa zimevuka mpaka kutoka nchi jirani. Taarifa haijapoa, watu wakaja kumvuta kaka yangu.

Mimi na kaka tumezaliwa huko ng'ambo. Nilipoolewa huku alinifuata, akawa anaziba pancha mbele ya karakana ya mume wangu. Asubuhi hiyo majambazi walimpiga risasi ya kifua mwenye duka la dawa, na katika kukimbia wakaangusha bunduki mtaroni. Aliyeiokota ni muuza nyama. Marehemu alikuwa mdogo wake. Aliinyanyua kila mtu aone chapa kwenye chuma: nyota na mkuki, chapa ya jeshi la kwetu.

Walimpiga kaka kwa spana yake mwenyewe. Nilisikia taya likivunjika. Mmoja alimkanyaga mkono mpaka vidole vikageukia nyuma. Nilijipenyeza na mwanangu mgongoni, nikabamizwa ukutani.

"Leo unarudi kwenu, ndugu yangu," kijana mmoja alimwambia, "ila utakwenda kwa vipande."

Wakacheka. Mwingine akaviringisha tairi, mwingine akaulizia petroli.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso. Nilimtazama, akakwepa macho yangu. Chapa ile aliichonga yeye, kwa patasi, kwenye benchi lake. Wateja wake walizidharau bunduki za hapahapa. Wakiona nyota na mkuki, hawaulizi tena. Na polisi nao wakikamata bunduki husoma chapa, basi.

Akavua glavu, akaingia katikati ya watu.

"Hiyo nimeitengeneza mimi."

Walimcheka, wakasema hawajawahi kuona mtu anayempenda shemeji yake kiasi hicho, arudi ndani akamalizie mageti. Hakurudi.

"Ifungue, kaka," akamwambia muuza nyama. "Mtutu ni bomba la maji. Hesi za fundi bomba za kuungia ziko hapo nyuma, sikuziondoa. Jeshi gani linakwenda vitani na bomba la maji?"

Muuza nyama aliifungua. Alilitazama bomba, akamtazama mume wangu, kisha akampiga nalo mdomoni. Meno yalimwagika kwenye sakafu ya saruji. Wote wakamwacha kaka, wakamgeukia yeye. Nilimshika kaka kwapani nikamburuta hadi ndani, nikafunga geti, na huko nje vishindo vikaendelea mpaka polisi walipopiga risasi hewani.

Nilimweleza askari bunduki ilikotengenezwa. Akanijibu kwa upole, mama, chapa inajieleza. Jioni redio ikaihesabu pamoja na zile za ng'ambo.

Hospitali wamemfunga mume wangu pingu kitandani, wakisema ndiye anayeziingiza bunduki kutoka ng'ambo. Jicho moja limefumba kwa uvimbe, la pili linanifuata. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama shemeji anakula. Nikamwambia anakunywa uji kwa mrija, na asubuhi amemwita mwanetu kwa jina, ingawa kwa taya lile mtoto mwenyewe hakutambua kuwa anaitwa yeye. Mume wangu alitaka kucheka, midomo ikakataa.

"Mwite mpelelezi," alisema. "Nimtajie zote nilizochonga chapa. Siyo hii moja."

Nilikaza kanga ya mtoto mgongoni, nikatoka kwenda kumtafuta.