Msamaha wa Kwenye Kipaza Sauti

Binti yangu ana kigugumizi. Kazaliwa nacho, na nyumbani tumezoea kumsubiri amalize. Wenzake darasani hawakuwa na muda huo. Siku aliyoitwa kusoma kwa sauti, kijana wa dawati la nyuma alimrekodi kwa simu, akaitilia video ngoma, na neno lililomkwama mwanangu likageuka kiitikio. Jumapili nzima watoto wa mtaa waliicheza. Jumatatu binti yangu akaniambia kwamba shule kwake ndiyo basi.

Nikaacha cherehani na sketi za watu, nikaenda kwa mwalimu mkuu.

"Pole sana mama," akasema, huku akipanga kalamu zake mezani. "Lakini hapa simu ni marufuku."

"Najua, mwalimu. Kuna mtu kaingia nayo darasani."

"Haiwezekani. Ni marufuku."

Yaani kwa kuwa jambo limekatazwa, basi halijatokea! Kwa hesabu hiyo mji huu hauna mwizi hata mmoja. Nikamwonyesha video: madawati yao, ubao wao, hadi mwalimu wao anaonekana akipiga miayo. Akakubali kwa shingo upande, ila akasema imesambazwa watoto wakiwa majumbani kwao, na mambo ya mitandaoni yana sheria yake. Niende polisi.

Afande wa zamu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chenye miguu mitatu na nusu. Akataka nimtumie video kwenye simu yake kwa ajili ya upelelezi. Akapeleleza, akarudia kupeleleza, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichojitahidi kukimeza.

"Sasa mama, tusi liko wapi?"

"Hakuna tusi."

"Katishiwa? Kuna picha ya utupu?"

"Afande, kuna mtoto anachekwa na mji mzima."

"Hilo ndilo silioni kwenye sheria." Akakuna kichwa. "Halafu wote ni watoto. Rudini shuleni mkalimalize kishule."

Nilipokuwa natoka, nilimsikia anamwita mwenzake wa chumba cha pili aje naye apeleleze.

Mwalimu mkuu aliposikia nimefika polisi, akapata uchungu wa ghafla na watoto. Akaandaa gwaride la upatanisho, wazazi tukaalikwa. Nikambembeleza binti yangu: "Twende mara hii tu, mama. Ukiona vibaya tunaondoka wote, na shule nyingine nitakutafutia." Akakubali, lakini njia nzima hakunitazama.

Jambo la kwanza, mwalimu wa nidhamu akaicheza ile video kwenye spika za shule, ati kila mmoja aijue video isiyotakiwa kusambazwa. Wale wadogo wasio na simu, waliokuwa bado hawajaisikia, nao wakafikiwa. Wapishi wakatoka jikoni kuja kusikiliza. Kama ningekuwa na mkasi wangu, ule waya ningeukata mbele ya watu.

Kisha kijana akasoma barua ya kuomba radhi. Alisoma bila kukwama hata mara moja, akapigiwa makofi, na hapo hapo akateuliwa mwenyekiti wa kamati ya kupinga uonevu mtandaoni, kwa kuwa ana uzoefu.

"Na sasa binti yetu," akasema mwalimu mkuu. "Sema tu 'nimekusamehe', twende madarasani."

Binti yangu akanipa mkoba wake, akasogea mbele, akapokea kipaza sauti.

"Si... si... si..."

Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa. Mwalimu mkuu akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, binti yangu akakivuta kifuani.

"Si... sijamaliza," akamwambia. Akavuta pumzi, akamgeukia yule kijana. "Sija... sija... sijakusamehe."

"Ahsante sana!" mwalimu mkuu akapaza sauti. "Amesamehe! Makofi!"

Walimu wakapiga makofi. Wanafunzi hawakupiga hata mmoja, walikuwa wamesikia alichosema. Yule mwenyekiti mpya alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikauweka mkoba begani, nikatangulia kuelekea getini, maana nilikuwa nimeahidi. Nilipogeuka, sikumwona nyuma yangu. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa darasa lake, mikono mitupu, na ikabidi nimkimbilie nimpe vitabu vyake.