Foleni Iliyopita Jikoni

Jumanne moja asubuhi, Noreen Entwistle alikuwa jikoni kwake anapaka siagi kwenye mkate wa kuchoma, redio ikitangaza mvua, alipoona kwamba marehemu mumewe yuko kwenye foleni. Wilf alikuwa amesimama kati ya jokofu na mlango wa uani, amevaa sweta la kahawia alilozikwa nalo, mkono wa simu ukiwa sikioni na waya wake unaning'inia bila kuchomekwa popote. Mbele yake alikuwepo mzee mnene mwenye koti la madereva wa basi. Nyuma yake, mwanamke wa makamo mwenye ndala za manyoya. Baada ya huyo walifuata wengine, wakajaa ukumbini na kutokea barabarani, kila mmoja na simu yake, na Noreen akajua kwa baridi iliyomgusa miguu kwamba mlango wa mbele umeachwa wazi.

"Ungefunga mlango," alimwambia Wilf. "Joto lote linatoka nje."

"Siwezi kutoka hapa, mke wangu," Wilf alijibu. "Nitapoteza nafasi."

Noreen hakushangaa sana, maana jana yake alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amepiga simu kwenye kampuni ya madai kuulizia jalada la mumewe. Kampuni hiyo ilikuwa imebadilisha jina mara mbili mwaka ule, kwa hiyo kwao mjini Nelson, kaskazini mwa Uingereza, watu waliiita Kampuni tu, na wote walielewana. Binti aliyepokea alimwambia kwamba kwa sababu za usalama wanazungumza na mwenye jalada peke yake. Noreen akasema mwenye jalada amefariki mwezi wa pili na amezikwa kule kilimani. Binti alibonyeza bonyeza mashine yake, akampa pole, kisha akasema, "Lakini naona hapa kwamba bado yuko kwenye foleni. Tunamwomba aendelee kusubiri."

Mambo yenyewe yalianza kwa simu iliyoingia wakati wa chai. Mwanamke mwenye sauti ya asali alimweleza Wilf kwamba benki ilimwuzia mbuzi kwenye gunia. Na kweli ilikuwa hivyo. Alipokopa fedha za kubadilisha mfumo wa kupasha nyumba joto, benki ilimbandikia na bima ya kumlinda endapo angepoteza kazi, ilhali alikuwa amestaafu zamani na kazi ya kupoteza hana. Kampuni ingemrudishia haki yake. Asiposhinda, halipi. Ila kulikuwa na ada ndogo ya kufungulia jalada, ya kutangulia, maana mkono mtupu haulambwi.

Wilf alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia vitambaa mpaka kiwanda cha mwisho kilipofungwa, na si mtu wa kurubuniwa kirahisi. Lakini sauti ile ilimwita "Bwana Entwistle", na tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyekuwa akimwita hivyo isipokuwa daktari. Akafungua kopo la biskuti ambamo wawili hao waliweka fedha ya jiwe la kaburi, lao wote wawili, akalipa. Halafu kimya. Januari akaanza kupiga kuulizia, naye akawa anasubirishwa kwa muziki. Februari Noreen alimkuta kitini amekata roho, simu sikioni, muziki bado unalia. Aliikata simu kwa mkono wake mwenyewe. Kumbe hakukata kitu.

Foleni ilikuwa na adabu zake. Iliingia kwa mlango wa mbele, ikapita ukumbini na jikoni, ikatoka uani, ikafuata kichochoro cha nyuma hadi kwenye mfereji, na kutoka hapo ikaelekea magharibi. Walio hai na waliokufa walichanganyika humo bila ubaguzi. Noreen alijifunza kuwatofautisha kwa njia moja, kwamba waliokufa hawakuomba choo. Walio hai walipoomba, walimwachia jirani nafasi, na waliporudi hakuna aliyethubutu kusema hapa si pako. Noreen aliwachemshia chai. Dereva aliitwa Kershaw, wa mji wa jirani wa Burnley. Mwenye ndala za manyoya aliitwa Gwenda, naye alikuwa amelipa ada mara mbili, ya pili ikiwa ni ya kulifufua jalada la kwanza.

Jirani yake, Beryl Duxbury, alichungulia juu ya ukuta wa uani akiwa anaanua nguo.

"Shoga, hawa watu wako wamenikanyagia shuka."

"Si wangu. Ni wa Kampuni."

"Hata mie benki iliniuzia bima hiyo hiyo, kwa mkopo wa gari," Beryl alisema. "Wakanipigia. Nikawaambia peni yangu hamwioni. Mtu anayetaka ujira kabla ya kazi, ujue kazi hana." Kisha akamtazama Wilf, akampungia mkono. "Hujambo, Wilf. Umekonda."

Wilf alimwitikia kwa kichwa, maana sauti ya kwenye simu ilikuwa inamwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao.

Kilichomuuma Noreen hakikuwa chai wala joto lililopotea. Ilikuwa ni lile jiwe. Huko kwao kaburi haliwekwi jiwe mpaka udongo utulie, na sasa udongo ulikuwa umetulia. Holroyd, mchonga mawe, alimpigia kumkumbusha kwamba maandishi hulipiwa kwa herufi, na kumwuliza kama bado anataka yale waliyokubaliana. Jina, na chini yake AMEPUMZIKA. Noreen alimtazama Wilf, aliyekuwa amesogea kutoka kwenye jokofu mpaka kwenye kizingiti, akiegemea mguu huu na kisha ule kwa uchovu. Akamwambia Holroyd asubiri kidogo kwa lile neno la pili, kwa kuwa si kweli bado. Holroyd akasema hewala, hayo hutokea.

Jioni hiyo alimvuta Wilf mkono wa sweta. Alimwambia imetosha, akalale, yeye mwenyewe hana haja ya fidia ya mtu.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," Wilf alisema. "Tumeshalipa, Noreen. Nikiondoka sasa ndiyo itakuwa nimeitupa. Fedha ya jiwe lako pia ilikuwamo mle."

Noreen alikasirika, akaenda kuosha vikombe kwa nguvu zaidi kuliko vilivyohitaji. Alikasirika kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajawahi kumshinda kwa neno.

Kesho yake alifanya jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kulifanya. Mtu aliye kwenye foleni hawezi kwenda mbele kutazama kuna nini, kwa sababu watakaomwona watadhani anawapita, na afadhali kufa. Noreen hakuwa kwenye foleni. Alipanda basi la kwenda mji wa Preston na kuifuata kwa dirishani, watu mmoja mmoja kando ya mashamba, kando ya vituo vya mafuta, wamekunja kola kwa mvua. Iliishia kwenye chumba kilicho juu ya duka la mazulia lililofungwa. Chumbani mlikuwa na meza, kiti na simu. Nyuma ya meza hapakuwa na mtu, na vumbi lilionyesha kwamba hapajakaa mtu siku nyingi. Simu iliita, ikaacha, ikaita tena. Sakafuni kulikuwa na mstari wa njano na kibao kilichoomba watu wangoje nyuma yake mpaka waitwe, na nyuma ya mstari alisimama mwanamume mrefu amevua kofia.

Noreen alimwuliza kwa nini haipokei simu ile.

"Si yangu, mama," alijibu kwa upole.

Akamwonyesha kwamba kiti ni kitupu.

"Nimeona. Lakini sijaitwa."

Kwa hiyo Noreen alirudi, akashuka kwenye maktaba ya Nelson, ambako Jumatano huwapo dawati la ushauri. Aliyekuwa zamu ni Farzana Mahmood, mama mmoja aliyewahi kufundisha binti zake Beryl hesabu. Farzana alimsikiliza, akasema kwamba kuidai benki hakuhitaji kampuni wala ada. Unaiandikia mwenyewe. Wakikataa, yupo msuluhishi wa malalamiko, naye ni bure. Aliyasema bila kupandisha sauti, kama mtu aliyeyasema wiki iliyopita na atakayeyasema wiki ijayo. Wakaiandika barua palepale, Noreen akatia sahihi kama mjane na mrithi, akanunua stempu njiani.

Benki ilijibu kabla majani hayajaisha mitini. Ilikiri kosa, ikakubali kurudisha bima yote na riba yake. Noreen aliisoma barua hiyo amesimama, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, akatoka uani kumwonyesha Wilf, ambaye sasa alikuwa amefika kwenye mapipa ya taka.

Alipofika, muziki ulikatika.

Foleni nzima ikamgeukia. Wilf alijiweka wima. Sauti ikamshukuru kwa kusubiri, ikamwuliza tarehe ya kuzaliwa, mstari wa kwanza wa anwani, na jina la mama yake kabla ya kuolewa. Akayajibu yote sawasawa, kwa sauti ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa na kumbe alikuwa amesoma. Alisikiliza kitambo. Kisha akaziba simu kwa kiganja, akamgeukia mkewe, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Noreen alikuwa hajaiona tangu kiwanda kilipokuwa kingali kinafanya kazi.

"Tumeshinda," alisema. "Wameshughulika, Noreen. Muda wote ule, kumbe walikuwa wanashughulika."

Noreen alielewa palepale. Wilf alikuwa ameiandikia Kampuni idhini ya kumwakilisha, kwa hiyo benki ilipokubali kulipa, ilituma nakala ya habari huko, na Kampuni sasa imepata cha kukatia sehemu yake. Ile simu iliyokosa kupokewa miezi yote imepokewa kwa sababu hiyo. Barua ilikuwa mfukoni, ameishika. Angeweza kuitoa. Lakini mtu amesubiri mpaka kufa, na baada ya kufa akasubiri tena, halafu aambiwe kwamba ilihitajika stempu moja tu.

Funika kombe mwanaharamu apite. Noreen aliutoa mkono mfukoni mtupu.

"Hongera, Wilf," alisema. "Nilijua hawatakuangusha."

Wilf alimbusu kwenye paji la uso, baridi kidogo, akamwambia asimwekee chakula. Akatoka kwa lango la nyuma na kupanda kilima kuelekea makaburini, mikono mfukoni, jinsi alivyokuwa akitoka zamu ya mchana. Noreen alimtazama mpaka kona, halafu akalia kidogo, halafu akaenda kuanua nguo kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja.

Kampuni ilileta hesabu yake: sehemu yake katika fidia, na kodi juu yake, na ada ya kulifunga jalada. Farzana alisema inaweza kupingwa. Ipo namba ya kupigia. Noreen aliuliza mtu akipiga huwa inakuwaje, na Farzana, ambaye ni mtu mkweli, alisema kwamba husubirishwa. Noreen akalipa. Kilichobaki kilitosha jiwe dogo na jina.

"Na lile neno la pili?" Holroyd aliuliza. "Limeshakuwa kweli?"

"Limekuwa kweli," Noreen alisema. "Lakini niandikie jina tu."

Kuhusu wale wengine, dhamiri ilimsumbua. Jumamosi alisimama kwenye ngazi ya jikoni na kuwaambia wote, waliokuwa ndani na waliokuwa uani, kwamba aliandika mwenyewe, kwamba ni bure, kwamba kule Preston kuna kiti kitupu. Walimsikiliza kwa heshima. Gwenda alimshika mkono.

"Mama, tunajua una majonzi," alisema. "Lakini tulikuwapo hapa. Tumeona kwa macho yetu. Mumeo aliitwa."

Kershaw alikohoa. Alikuwa mbele ya Wilf tangu mwanzo, na kuitwa kwa mtu wa nyuma yake kulimchoma kuliko alivyoweza kusema. Alisema tu kwamba hata hivyo inaonyesha kuwa inasonga. Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, inasonga, na kila mmoja akapiga hatua moja kuiziba nafasi ya Wilf.

Noreen alitoka mbele kuchukua maziwa mlangoni. Mwisho wa foleni ulikuwa umefika karibu na ngazi yake mwenyewe, na hapo alisimama Beryl, amevaa koti lake la kanisani, simu sikioni.

"Beryl, si ulisema peni yako hawaioni?"

"Nilisema hivyo kabla ya Wilf kujibiwa, shoga," Beryl alisema bila kumtazama usoni. "Nimelipa asubuhi."

Noreen alianza kumweleza tena. Beryl aliinua kidole kumwomba anyamaze, maana muziki ulikuwa umeanza. Kijana mmoja mwenye ovaroli za kazi akavuka barabara, simu mkononi, akasimama kwa umbali wa adabu na kuuliza kama mama ndiye wa mwisho.

"Ndiyo mimi," Beryl alisema. "Simama nyuma yangu."

Noreen aliyachukua maziwa, akaingia ndani kujaza birika. Mlango hakuufunga.