Ubao wa Madamu Spéciose

"Saliha, vuta ubao," Madamu Spéciose aliniambia, na miguu yangu ikagoma kutoka nje.

Milio ya bunduki ilikuwa ikisikika kutoka mtaa wa Cibitoke tangu asubuhi. Sasa tulisikia filimbi za vijana kwenye kona ya mtaa wetu. Walikuwa wakiwasaka watu wa kabila la Madamu, nyumba kwa nyumba, mchana kweupe. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio. Mimi nilikuwa mwoga wa kutupwa, na kicheko sikukiona.

Nyumba ile aliijenga babu yangu Uthmani, zamani za Wajerumani, kwa faida ya chumvi na vitambaa. Mvua za Bujumbura alizijua, kwa hiyo aliinua baraza hadi kifuani pa mtu mzima, akaweka ngazi zilizosimama wima mbele na nyuma. Watu walikuja kutazama mlango wake wa nakshi na bustani ya waridi, na mimi ndiye niliyewatembeza. Sharti letu lilikuwa moja tu, viatu vinabaki ngazini.

Kabla ya vita Madamu Spéciose alileta wanafunzi wake. Ajali ilikuwa imemnyima miguu, alitembelea kigari cha magurudumu, basi wao wakaingia na yeye akabaki kwenye waridi, akiwasikia wakishangaa ndani.

"Mi ndiye nabafundisha historia," alisema, "kumbe historia yenyewe iko na ngazi!"

Akacheka. Mume wangu Twalibu, fundi seremala, hakucheka. Alichonga ubao mpana wenye kingo, wa kulazwa juu ya ngazi. Jioni tuliuvuta ndani, maana mbao ikilala nje hugeuka kuni za watu. Na kwa kuwa magurudumu hayavuliwi kama viatu, niliyapangusa kwa kitambaa chenye maji kabla hayajagusa mkeka. Tangu hapo alikuja mara kwa mara, na mtaa mzima ulijua kwamba ubao ukiwa nje, madamu yuko ndani.

Siku ile ya bunduki ulikuwa nje, na Twalibu alikuwa kazini Kajaga, nje ya mji.

"Nikiuvuta, utatokea wapi?" nilimuuliza. Bila ubao angekuwa kuku ndani ya tenga.

"Nikimbie na iki kigari? Mpaka wapi? We vuta."

Nilitoka nikiwa nimeinama, nikainua ncha ya chini. Ubao ulikuwa wa kubebwa na wanaume wawili. Madamu alifunga breki za kigari pale mlangoni, akashika ncha ya juu, na mikono yake iliyozoea kusukuma magurudumu ikauvuta kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Ukaingia. Nikamsogeza nyuma ya mlango, nikauvuta ubawa wake ukafungika, nikabaki barazani, mkojo ukinitisha kutoka.

Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa na guruneti mkononi, akilichezea kama embe.

"We mama, uko na nani?"

"Niko peke."

Alitazama ngazini. Kandambili zangu zilikuwa pale, peke yazo.

"Na ule mwalimu wa kigari? Bamesema amepita huku."

 Ndani, nyuma ya ubawa wa mlango, nilisikia pumzi ya madamu, na nilikuwa na hakika kwamba wao pia wanaisikia.

"We nawe!" mwenzake alimcheka. "Ubao haiko. Ataruka izi ngazi?"

Wakaondoka wakipiga filimbi. Nilikaa chini juu ya kandambili zangu na kulia bila sauti. Madamu alilala kwetu hadi Twalibu aliporudi, na hakuomba ubao ulazwe nje hata mara moja.

Amani iliporudi, wafadhili waliosaidia kuitunza nyumba walijenga njia ya saruji ya kupandia kigari, pana, yenye vyuma vya kushikilia. Siku ya kuifungua walimwalika yeye awe wa kwanza kupanda. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Watu walipiga makofi. Alifika pale inapoanzia, akafunga breki, akaigusa saruji kwa kiganja.

"Ni muzuri," aliniambia, sauti ya chini. "Lakini hii, ile siku ikirudi, tutaivutia wapi?"

 Kitambaa chenye maji kilikuwa mkononi mwangu. Niliinama nikaanza kupangusa magurudumu pale pale chini, ingawa mkeka ulikuwa bado mbali.